Muda wa msaada si dhamana

Nimesoma tena, safari hii katika kijitabu cha ruta (kifaa cha kusambaza intaneti), kwamba programu ya kifaa "itapata msaada kwa kipindi chote cha dhamana", kana kwamba mambo hayo mawili ni pande za sarafu moja.

Muda wa msaada ni kipindi ambacho mtengenezaji anaendelea kuziba mianya ya usalama na kurekebisha hitilafu katika programu iliyomo ndani ya kifaa, kiwe ruta, mita ya maji au kidhibiti cha lifti.

Dhamana ni neno la asili ya Kiarabu, lenye mzizi mmoja na mdhamini, yaani mtu anayebeba wajibu iwapo lililoahidiwa halikutimia. Na kinachoahidiwa katika dhamana ya kifaa ni kwamba kilitoka kiwandani kikiwa kizima. Mwanya wa usalama unaogunduliwa mwaka wa sita hauivunji ahadi hiyo kwa namna inayoonekana, kwani kifaa kinawaka, taa zake zinameta, nacho ki wazi kwa yeyote ajuaye pa kuingilia. Neno msaada nalo lina lawama yake: masikioni mwetu ni hisani apewayo mhitaji, ilhali hapa ni kazi inayopaswa kutengewa watu, fedha na tarehe kabla bidhaa haijaingia sokoni.

Tarehe hiyo ndiyo hukosewa zaidi. Kerneli ya Linux 4.19, toleo mojawapo la kiini cha mfumo endeshi unaotumika ndani ya vifaa vingi, ilitoka Oktoba 2018 na ikaacha kuhudumiwa na watunzaji wake Desemba 2024, miaka sita na ushei. Aliyeichagua mwanzoni kabisa, akasanifu kifaa kwa miaka miwili, kisha akakiuza hadi mwishoni mwa 2023, alimwachia mnunuzi wake wa mwisho mwaka mmoja tu, isipokuwa kama alijiandaa kuhamia kerneli mpya au kubeba mwenyewe viraka, yaani marekebisho ya kuziba mianya. (Dhamana ya miaka miwili ingeipita kerneli hiyo umri.)

Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2024/2847, kuhusu usalama wa bidhaa za kidijitali, itakayotumika kikamilifu kuanzia tarehe 11 Desemba 2027, inataka msaada usiopungua miaka 5, ila pale bidhaa inapotarajiwa kutumika kwa muda mfupi zaidi, na mnunuzi aonyeshwe mwezi na mwaka wa ukomo anaponunua. Kwa hiyo, mwandishi wa kijitabu, liache neno dhamana mahali pake, na kando yake uandike mwezi na mwaka.