Mtoni Kama Sehemu ya Matibabu: Maswali na Majibu kuhusu Wanajeshi Waliojeruhiwa Vitani

Inakuwaje kuvua samaki kuhesabiwe kuwa tiba?

Mwaka 2005, Ed Nicholson, kapteni mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, alianza kuwafundisha kurusha ndoano askari waliojeruhiwa Iraq na Afghanistan, ambao wakati huo walikuwa wakitibiwa katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington. Walianzia kwenye nyasi za hospitali, mto ukaja baadaye, na kazi hiyo ikazaa shirika la Project Healing Waters Fly Fishing. Chambo cha uvuvi wa aina hii, unaoitwa kwa Kiingereza fly fishing, ni manyoya na uzi uliofungwa kwenye ndoano ndogo ili ufanane na mdudu. Aliyepoteza mkono, akitengeneza chambo hicho, huibana ndoano kwenye jiriwa, kisha huzungusha uzi kwa vidole vya mkono uliobaki huku mkono bandia ukishikilia manyoya yasiteleze. Ni mazoezi yaleyale ambayo mtaalamu wa utengamao, yaani wa kuurudishia mwili uwezo wake, angemtaka ayafanye mezani, ila hapa mgonjwa huyarudia bila kusukumwa, kwa kuwa anataka samaki.

Mwili na akili hunufaika vipi?

Kusimama kwenye maji yanayokwenda, juu ya mawe yanayoteleza, hulazimisha misuli ya kiuno na miguu kusawazisha mwili kila wakati. Upande wa akili, mtu mwenye kiwewe cha vita hubaki katika tahadhari hata akiwa nyumbani: hulala kwa shida, hushtuka mlango ukigongwa, na hukwepa sokoni au popote penye watu wengi. Kurusha ndoano humpa jambo moja la kuangalia na mwendo mmoja wa kurudia, na wenzake walio kando yake ni watu asiohitaji kuwaeleza vita ni nini. Hata hivyo, kukwepa watu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo anayekwenda porini peke yake ili asionane na mtu huenda anaulisha ugonjwa huo.

Kuna ushahidi wa kitafiti?

Upo, ingawa ni mdogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia maveterani (wanajeshi wa zamani) 74 wa Marekani wenye kiwewe waliokwenda safari fupi za uvuvi, na wiki sita baadaye dalili zao zilikuwa bado zimepungua. Kasoro yake ni kwamba hakukuwa na kundi la kulinganisha, hivyo haiwezekani kutenganisha kazi ya mto na kazi ya mapumziko au ya urafiki.

Je, mgonjwa anaweza kuacha dawa na vikao vya ushauri?

Hapana. Kwa kiwewe, tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi ni ile ya mazungumzo, ambayo humsaidia mgonjwa kuzikabili kumbukumbu za tukio hatua kwa hatua mbele ya mtaalamu. Mara nyingi faida kubwa ya matembezi ni kumtoa nyumbani mtu aliyekuwa amekataa kukanyaga kliniki.

Safari moja inatosha?

Safari moja yenye picha nyingi na fulana za wafadhili ni zawadi nzuri, lakini mimi siiti tiba. Programu inayostahili jina hilo hukutana mara kwa mara karibu na anapoishi mgonjwa, na huendelea hata msimu wa samaki ukiisha. Wala si lazima uwe uvuvi: tangu mwaka 1987 maveterani wenye ulemavu nchini Marekani hukusanyika kila mwaka katika milima ya Colorado kujifunza kuteleza kwenye theluji, na wasioweza kusimama hutumia kiti kilichofungwa juu ya ubao.

Ni hatari zipi za kuangaliwa kabla ya kutoka?

Kigutu kikikaa na unyevu ndani ya mguu bandia huchubuka upesi, kwa hiyo soksi kavu za akiba ni za lazima, na baadhi ya magoti bandia ya kielektroniki hayapaswi kuingia majini kabisa. Aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi kuungua wala mgandamizo wa kiti, na sehemu ya mwili iliyo chini ya jeraha huenda isitoe jasho. Ahamishwe uzito kila baada ya muda na asiachwe juani. Mwenye jeraha la ubongo aliyewahi kupata degedege asiingie majini mpaka daktari wake aruhusu, na hata akiruhusiwa, avae jaketi la kuokolea na awe na mtu anayeweza kumfikia kwa mkono.