Kompyuta ikikuonyesha protini mbili zimeshikana, angalia alama kwanza

Tangu Nobeli ya kemia ya 2024 iende kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper, vijana wa hapa Malindi wanaosoma bayolojia wananitumia sana picha walizotoa kwenye AlphaFold, modeli ya kompyuta inayotabiri umbo la protini, protini mbili zimekumbatiana, rangi ya buluu imekolea, na swali ni lile lile: hizi zinashikana, si ndio? Na mimi nauliza, alama ya pale zinapogusana ni ngapi? Wengi hawajaangalia, na nawaelewa, manake picha yenyewe inavutia kuliko namba. Lakini jibu liko kwenye namba.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, aina 20, unaojikunja mpaka ukapata umbo lake. Ila mwilini ni chache zinazofanya kazi peke yake. Himoglobini inayobeba oksijeni ni minyororo minne, alfa miwili na beta miwili, na ukiitenganisha kazi inaharibika. Kwa hivyo kujua umbo la mmoja mmoja ni nusu tu ya kazi, kilichobaki ni nani anamshika nani, na wapi.

Sasa modeli inajuaje? Imefunzwa kwa maumbo yaliyopimwa maabara, yamekusanywa kwenye benki ya PDB tangu 1971, sa hivi ni zaidi ya 200,000. Pia inasoma protini ile ile kutoka viumbe vingi na kutafuta mabadiliko yanayokwenda pamoja. Fundi wa jahazi akibadilisha mkunjo wa taruma, ubao unaolala juu yake nao lazima uchongwe upya, la sivyo maji yataingia, basi ukikagua majahazi mengi ukaona kila taruma hili likibadilika ubao ule nao umebadilika, utajua vinakutana hata kama hujawahi kuingia ndani ya chombo. AlphaFold-Multimer ya 2021 ilifanya hivyo kwa protini mbili tofauti, inapanga ya kiumbe kimoja na mwenzake wa kiumbe hicho hicho, za panya pamoja, za ng'ombe pamoja, halafu inatafuta nyayo, yaani alama za hayo mabadiliko yanayokwenda pamoja.

Na hapo ndo mambo yetu yanapokuwa magumu. Kimelea cha malaria kinatumia protini inaitwa RH5 kushika basigin iliyo juu ya seli nyekundu ya damu, jambo lililojulikana 2011. RH5 ni ya kimelea, basigin ni ya binadamu, sasa utazipangaje mstari mmoja wakati hazitoki kwa kiumbe kimoja? Nyayo hazipo. Kingamwili vivyo hivyo, mwili wako unazitengeneza baada ya kuumwa au kuchanjwa, hazina historia ndefu ya kubadilika pamoja na kile zinachokishika. Modeli inabaki kutegemea ilichojifunza kuhusu maumbo na kemia, mara inapata, mara inakosa. Na ukijaribu RH5 na basigin ikakupa jibu zuri usishangilie haraka, umbo la hizo mbili pamoja liko PDB tangu 2014, huenda modeli inakumbuka tu. AlphaFold 3 ya Mei 2024 ni bora kwa kingamwili, tatizo ni kwamba mara nyingi inabidi uirudie na kuirudia, kila mara ikianzia kwenye namba tofauti ya bahati nasibu, ndo upate jibu la kuaminika.

Tuje kwa alama. Ile buluu inakueleza modeli ina uhakika kiasi gani na mkunjo wa kila mnyororo, haisemi chochote kuhusu kushikana! Protini mbili zinaweza kuwa buluu tupu na bado zimewekwa ubavu kwa ubavu bila sababu, manake ukiipa modeli minyororo miwili itakupa picha ya miwili, haijui kukuambia hawa hawajuani. Tazama ipTM, alama ya modeli kuhusu jinsi minyororo ilivyopangwa pamoja, inaenda 0 mpaka 1. Ikipita 0.8 una kitu cha kufuatilia, chini ya 0.6 pengine hakuna kitu, katikati hapo ni kiza. Halafu fanya jambo ambalo mi naliona ndo muhimu kuliko yote na watu wanaliruka, ipe protini yako wenza wa uongo, zile unazojua hazikutani kabisa, moja inakaa ndani ya kiini na nyingine iko nje ya seli. Alama zikilingana na za mwenza wako wa kweli, huna ushahidi.

Selimundu ndo mfano unaoniuma zaidi kwa sababu huku Pwani tunaijua majumbani. Kwenye mnyororo wa beta nafasi ya 6, glutamati imekuwa valini, asidi amino moja tu. Ingiza mfuatano wa kawaida na wa selimundu, utapata picha mbili karibu sawa. Modeli haijakosea umbo, ila ugonjwa hauko kwenye hiyo himoglobini moja, uko pale oksijeni ikitoka ile valini ikaingia kwenye kishimo cha beta ya himoglobini nyingine, na hiyo nayo ikashika nyingine, nyuzi ndefu zinajengeka mpaka seli inapinda. Uzito wa badiliko la asidi amino moja modeli hizi haziupimi vizuri. Pia kuna mambo hayako kwenye kushikana kabisa: utafiti wa Kilifi na Cambridge wa 2020 ulionyesha watu wenye damu ya aina ya Dantu wana utando wa seli uliokaza zaidi, kimelea kinashindwa kuingia. Hilo lilionekana kwa kutazama seli hai kwenye darubini.

Anayetaka kujaribu atumie ColabFold, njia rahisi ya kuendesha AlphaFold mtandaoni, inatumia kompyuta za Google bure, leptopu ya kawaida na bando vinatosha kama protini si ndefu sana. Mkinitumia picha tena, niwekeeni na faili ya alama, matokeo ya wenza wa uongo, na mniambie kila protini inakaa wapi ndani ya seli.