Kwa nini nililifuta shimo kwenye ramani ya maktaba

Kazi yangu ni kuchora majengo, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu yake kubwa imekuwa vyumba vya kusomea: vya shule, vya parokia, na hivi karibuni chumba cha vijana katika maktaba moja ya mtaa hapa Goma. Walioniita walikuwa na lalamiko moja, kwamba watoto wadogo wanakuja, wazee wanakuja, lakini mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 akishaingia mara moja harudi tena. Nilikwenda kukaa mle ndani alasiri tatu mfululizo, na sababu nikaiona bila kumuuliza mtu. Viti vyote vilitazama upande mmoja, na mtunzaji aliketi mlangoni nyuma ya meza kubwa ambayo kila mgeni aliipita kama mtu apitaye kizuizi cha barabarani. Kijana aliyetoka shuleni saa saba mchana, bado yumo ndani ya shati jeupe la sare, hana hamu ya kuingia darasa la pili.

Wengi wakitaka kuwavuta vijana huanza na rangi za kuta. Mimi huanza kwa kuhesabu wanaoingia pamoja. Mtu mzima huja maktabani peke yake, ilhali kijana huja na wenzake wawili au watatu, na wakikosa mahali pa kuketi wakitazamana watasimama uani hadi wachoke, kisha waende zao. Mtafiti Mizuko Ito na wenzake, waliochunguza jinsi vijana wa Marekani wanavyotumia vyombo vya kidijitali, walieleza hali tatu: kijana hukaa tu na rafiki zake, hujaribujaribu vitu, na baadaye huzama katika jambo moja. Chumba cha YOUmedia, kilichofunguliwa mwaka 2009 katika maktaba kuu ya Chicago, kilipangwa kwa kufuata hali hizo. Ninachokithamini katika mawazo hayo ni kwamba kukaa bure kunapewa nafasi yake. Kwetu mtunzaji akimwona kijana hajashika kitabu humwambia atoke, na huyo ndiye ambaye pengine kesho angekishika.

Sasa niseme kosa langu. Katika picha za maktaba za Ulaya nilikuwa nimependa sakafu iliyoshushwa ngazi tatu, imetandikwa mito, vijana wamejilaza humo. Nikaichora. Mzee mmoja, fundi wa mawe, aliitazama ramani kwa muda, akaweka kidole juu ya lile shimo na kuniuliza: «Bwana injenieri, mazuku ikiingia humu, itatokea wapi?»

Msomaji wa mbali ajue kwamba mazuku ni jina letu la hewa ya ukaa itokayo ardhini katika nchi hii ya volkano, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake. Haionekani, na kwa kuwa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni na mashimoni, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, na kila mwenyeji amewahi kusikia habari ya mbuzi aliyekutwa amekufa shimoni bila jeraha. Sikuwa na ushahidi kwamba kiwanja chetu kina gesi hiyo. Lakini sikuwa na ushahidi kwamba hakina, na chumba cha watoto si mahali pa kubahatisha. Nililifuta shimo, nikachora jukwaa la mbao za mikaratusi lenye ngazi tatu za kupanda, na chini yake matundu ya kupitisha hewa. Vijana wanajilaza juu yake vilevile.

Yaliyobaki ni mambo ya Goma pia. Makabati ya vitabu hayazidi kimo cha sentimita 120 na yamefungwa ukutani kwa vyuma, kwa sababu sisi tuliotikiswa siku nyingi na matetemeko baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 hatuhitaji kuelezwa. Faida ya pili ni kwamba mtunzaji anaona chumba kizima akiwa ameketi, hivyo halazimiki kuzungukazunguka nyuma ya migongo ya watu. Juu, chini ya manjanja, yaani mabati ya paa, tuliweka dari ya plaiwudi na takataka za mbao zilizokaushwa. Bila hiyo mvua ikianza hakuna anayemsikia mwenzake. Kuta za mawe ya lava humeza mwanga, kwa hiyo tulizipaka chokaa nyeupe, na madirisha makubwa tukayaelekeza kaskazini na kusini, ambako jua letu la karibu na ikweta halichomi ukurasa.

Prizi ndizo zilizonifundisha zaidi. Umeme ukikatika nyumbani, simu huchajiwa popote panapowezekana, na mwanzoni prizi zote zilikuwa kwenye ukuta mmoja: wavulana wakaukalia, wasichana wakabaki karibu na mlango. Tulipozisambaza katika pande nne, mpangilio wa watu ulibadilika katika juma moja. Taa ya lango na choo chenye komeo na maji vilifanya kazi kubwa zaidi, maana hapa giza huingia saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na mama hatamruhusu bintiye kubaki maktabani ikiwa njia ya kutokea ni ya kupapasa.

Jukwaa linapendwa, nashukuru. Lakini mahali panapojaa kwanza sikupachora mimi. Ukuta wa lava una unene wa karibu nusu mita, na kingo ya chini ya dirisha la kusini imekuwa benchi: wasichana wawili hupanda, huegemeza migongo pande mbili, miguu ikikutana katikati, na daftari moja juu ya magoti. Kingo hiyo iko juu mno, hupanda kwa kukanyaga kiti. Katika ramani ninayochora sasa nimeishusha hadi sentimita 45.