Gotrek hakurudi na shoka lake

Jumamosi iliyopita, baada ya alasiri, tulikuwa tumeshaandaa meza yetu ya Warhammer, mchezo wa vita unaochezwa kwa sanamu ndogo na dadu, hapa Ngamiani, Tanga. Vikosi vimesimama pande zote mbili, kahawa imeshamiminwa, dadu ziko mkononi. Ndipo kijana mmoja akasema maneno ambayo nimeyasikia hadi yamenichosha: "Kaka, kumrudisha mtu wa zamani kuna kazi gani? Unamng'oa kwenye kitako cha mraba, unambandika kwenye cha duara, basi. Ya kale dhahabu."

Alikuwa akisema juu ya mashujaa wa Warhammer ya kale, ambao sanamu zao zilisimama kwenye vitako vya mraba; za mchezo mpya, Age of Sigmar, zina vya duara. Nilimwambia tucheze kwanza. Leo namjibu, yeye na wote waliowahi kuniambia hivyo.

Mimi ndiye ninayeandika kampeni za meza yetu, yaani hadithi zinazounganisha mapigano yetu, na huu ni mwaka wa tisa. Nimeua mashujaa wengi wa wenzangu kwa kalamu, wengine kwa dadu mbaya. Nimewarudisha wawili. Mmoja nimekataa kumrudisha, na mwenyewe alininunia miezi mitatu. Kwa hiyo ninaposema kwamba shujaa anayerudi vile vile hajarudi, nayasema yaliyonitoa jasho.

Tarehe nizipitie upesi, maana wengi mnazijua. Warhammer ilianza 1983. Kati ya 2014 na 2015 Games Workshop, wenye mchezo, wakaiangamiza dunia ile yote kwa mfululizo wa vitabu, na Julai 2015 wakafungua Age of Sigmar: milki nane mahali pa dunia moja, na mungu Sigmar aliyevuka utupu akiwa ameng'ang'ania Mallus, kile kiini kilichosalia cha dunia yake. Kanuni kurasa nne, pointi za kusawazisha majeshi hakuna hadi mwaka uliofuata. Tuliocheza wakati ule tunakumbuka zogo lake, sirudii.

Ila kuna jambo moja la siku zile ambalo watu wamelisahau, nalo ndilo jibu la nusu ya swali la kijana wetu. Toleo lilipotoka, kadi za sanamu za zamani zilitolewa bure. Karl Franz alikuwemo. Mfalme wa dola ambayo haipo, wa mji ambao haupo, ana kadi, ana nguvu zake, unamweka mezani anapigana. Alirudi vile vile, kama mnavyotaka. Je, kuna anayekumbuka pigano lolote la Karl Franz ndani ya milki nane? Mimi sikumbuki, na nilimchezesha mwenyewe. Alikuwa sanamu inayosogea. Hakuna aliyemhitaji kule, wala yeye hakuhitaji kitu chochote kule, na muda si mrefu tukamrudisha kabatini.

Sasa mweke kando yake Gotrek. Huyu mbilikimo yupo kwenye hadithi tangu mwisho wa miaka ya 1980: jicho moja, kishungi cha rangi ya chungwa, kiapo cha kutafuta kifo mikononi mwa dude litakalomzidi, na Felix, yule mshairi aliyeapa kumfuata ili aandike jinsi atakavyokufa. Dunia ya zamani ilipokwisha, yeye alikuwa amekwenda kupigana ndani ya milki ya Machafuko, makao ya mapepo. Akatoka huko akakuta kila alichokuwa akikipigania kimekwisha zamani. Alirudi 2018 kwanza kwa sauti, katika mchezo wa kusikiliza, akiigizwa na Brian Blessed, kisha 2019 tukapata sanamu.

Itazameni sanamu ile vizuri, msiangalie misuli tu. Shoka alilolishika si lile lake. Lile la zamani halipo, hili limetoka kwa Fyreslayers, mbilikimo wa milki mpya. Kifuani amezamishiwa runi, alama ya uchawi, ya dhahabu ambayo hakuwa nayo. Felix hayupo. Grimnir, mungu ambaye Gotrek aliingia kule gizani kwa ajili yake, alishakufa akipigana na Vulcatrix, dude la moto. Na wale Fyreslayers wanaodai kufuata mila ya Grimnir wanapigana kwa malipo ya dhahabu, jambo linalomchefua hadi mishipa ya shingo inamsimama. Kila kitu kimebadilika isipokuwa kimoja: kiapo. Bado anataka kufa vizuri, na bado hakijatokea kitu cha kumuua.

Hapo ndipo ninapotaka mtulie nami, maana ndipo wengi wanapopita mbio.

Mjomba wangu aliondoka na meli kwenye bandari yetu ya Tanga mwaka 1988. Nilikuwa na miaka saba. Wakati ule vijana wengi walikuwa wakizamia, na tulikaa miaka bila barua. Akarudi 2007. Alipofungua begi lake sebuleni kwa mama, alitoa viatu vyangu. Vya ngozi, vyeusi, vipya kabisa, saizi ya mtoto wa darasa la kwanza. Alivinunua mwaka wake wa kwanza ugenini akavitunza muda wote ule. Kesho yake tukaenda barazani kunywa kahawa, akatoa noti ya shilingi mia aliyoondoka nayo. Muuza kahawa, kijana mdogo, akaigeuza huku na huku, kisha akamwonyesha sarafu. Mjomba akauliza habari za watu, jina baada ya jina, na kwa majina mengi jibu lilikuwa "Mungu amrehemu". Hasira zake zilikuwa zile zile, kicheko kile kile, namna ya kuvaa kofia upande ile ile. Nasi tulimtambua papo hapo, na papo hapo tukaona kwamba hana pa kukaa katika mji wake mwenyewe.

Huko ndiko kurudi. Mtu yule yule, na viatu visivyomtosha mtu.

Gotrek anarudi hivyo. Anatukana milki nane kwa niaba yetu sote tuliolia 2015, halafu, bila kupenda, anaanza kuwajali watu waliomo. Sisi wachezaji wa zamani tulihitaji mtu wa kuichukia dunia mpya kabla hatujaweza kuipenda. Angekuja na shoka lake na mshairi wake pembeni, angekuwa Karl Franz wa pili.

Kuna wanaoniambia, "Mbona Nagash, yule mungu wa wafu, yuko vile vile na anafanya kazi?" Swali hili linanikera kwa sababu linachanganya mambo mawili. Nagash hakurudi. Nagash alibaki. Sanamu yake ya 2014 ilivuka na kuingia upande wa pili bila kuguswa kwa sababu yeye hakuwahi kuiacha hadithi: alikuwepo dunia ikivunjika, alikuwepo milki zikijengwa, amezeeka nazo. Neferata na Mannfred, wanyonya damu wake, hivyo hivyo. Aliyebaki anaruhusiwa kufanana na jana yake kwa sababu tunajua ameishi siku zote za katikati. Aliyeondoka haruhusiwi. Mkimwandika aliyeondoka kwa mkono wa aliyebaki, mchezaji atahisi kuna kitu cha uongo hata kama hawezi kukitaja.

Waliobaki nao wana mtihani wao. Kwa Alarielle wameufaulu: malkia wa Waelfi amekuwa mama wa miti, na ile sanamu ya 2016 juu ya mdudu mkubwa yule inakuambia mara moja kwamba muda umepita na umemfanya kitu kingine. Teclis ndiye anayeninyima usingizi.

Teclis wa zamani alikuwa mgonjwa. Tangu ujana mwili haukumtii, alisimama kwa mkongojo na dawa, huku kaka yake Tyrion ndiye mwenye mwili wa shujaa. Ukimweka mezani ulikuwa na mchawi mkubwa kuliko wote ndani ya mwili ambao upepo ungeweza kuuangusha, na kila zamu ulimficha nyuma ya mtu. Sanamu ya 2020 ni kazi nzuri mno kwa mikono ya walioichonga, nimeipaka rangi kwa wiki tano nikiwa na furaha. Kofia ya mwezi ipo. Fimbo ipo. Lakini mungu huyu anaelea hewani, miguu haigusi chini, na kando yake yuko Celennar, roho ya mwezi. Wamebakiza kofia wakaondoa udhaifu. Mimi ningetupa kofia nikabakiza udhaifu. Mtu alimpenda Teclis kwa sababu ya kile kikohozi, kwa sababu kila alichokifanya alikifanya akiwa amechoka.

Hata hivyo sina uhakika kwamba nina haki. Hadithi ya Hysh, milki ya nuru, inasema Waelfi wake walijiona wamekamilika mpaka wakaanza kuchinjana na kuivunja milki yao, nao wakaiita aibu ile Ocari Dara. Teclis ndiye aliyewafundisha. Inawezekana walioandika walihamisha ugonjwa kutoka kwenye mapafu wakaupeleka kwenye dhamiri. Siku nyingine nikiitazama sanamu yangu usiku naona hivyo. Siku nyingine naona mtu mzima wa afya anayeelea. Nimeandika kampeni mbili zenye Teclis na kila moja ina Teclis wake.

Aliyeniridhisha kabisa ni Ushoran, na sanamu yake iliyotoka 2024. Mfalme wa wanyonya damu wa zamani, ambaye watu wake waliishia kula mizoga. Angeweza kurudishwa kama jitu la kutisha tu, likauzika. Badala yake wameuchukua ufalme wake uliopotea wakaufanya wazimu: yeye na watu wake wanaona majumba, karamu na mashujaa wenye deraya zinazong'aa, na sisi tunaona mifupa. Ameupata ufalme wake tena kwa njia pekee iliyobaki, yaani kichwani. Sijui kama kuna kurudi kwa kusikitisha zaidi ya huko, na kunachezeka vizuri mno. Mwenye jeshi hilo kwenye meza yetu husimulia zamu zake zote kama mwungwana anayekaribisha wageni, na mwenzake upande wa pili hujikuta anamjibu kwa adabu.

Kuhusu Stormcast, mashujaa wa Sigmar wanaofufuliwa, nina mashaka nisiyoyaficha. Roho inachukuliwa, inafuliwa upya Azyr, milki ya Sigmar, na kila ikifuliwa tena inapoteza kitu cha utu wake. Kwa karatasi hiyo ndiyo sheria bora ya kurudi iliyowahi kuandikwa, maana bei imo ndani ya kanuni. Kwa meza, miaka tisa, sijaona mchezaji anayeilipa bei hiyo bila kusukumwa. Shujaa wake anakufa Jumamosi, Jumamosi nyingine yupo, na ukimuuliza amesahau nini anakuambia, "Bado sijafikiria." Nimejaribu kuweka sharti kwamba kila kifo kifute mstari mmoja wa historia kwenye kadi, kwa wino mweusi, mbele ya wote. Wawili walitaka sana sharti lile liendelee. Wengine walisema ni ukatili. Sijapata njia ya kati.

Na yupo asiyefaa kurudi. Watu wa pwani tulilijua hili kabla ya plastiki. Fumo Liyongo alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, akajikokota mpaka kisimani, akapiga goti na mshale wake umewekwa kwenye upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wakaogopa kuteka maji siku kadhaa, wakidhani yu hai. Maiti ile iliufunga mji. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hadithi ile ingependeza zaidi kama Liyongo angeamka. Yule mchezaji aliyeninunia, shujaa wake alikufa akiziba daraja peke yake dhidi ya kikosi kizima, dadu sita mfululizo zikamwitikia, ya saba ikamkataa. Tangu siku ile hakuna anayevuka daraja lile kwenye ramani yetu bila kusimama kidogo. Nikimrudisha, daraja linakuwa daraja tu. Niliomba radhi kwa kumuumiza rafiki yangu, ila uamuzi sikuubadili.

Basi nikiletewa jina la zamani, huwa sianzi na silaha zake wala pointi zake. Nauliza: amebeba viatu vya nani? Alimwahidi nani kitu, na mtu huyo sasa ana umri gani, au kaburi lake liko wapi? Nisipopata jibu, sanamu inabaki kabatini hata iwe nzuri namna gani. Nikipata, silaha hujipanga zenyewe.

Kijana wetu wa Jumamosi anamtaka kapteni wake wa zamani, yule mwenye grifini, mnyama nusu tai nusu simba. Nimekesha naye siku tatu. Anakuja wiki hii, kwa miguu. Grifini alikufa kwa uzee zamani za kale, na kapteni amekuja na hatamu mkononi maana hajui pa kuiweka. Mji alioapa kuulinda uliangushwa, na walioujenga upya ni wajukuu wa waliouangusha. Kwenye kampeni hii hao ndio jeshi letu. Atapigana bega kwa bega nao, chini ya bendera aliyowahi kuichoma, na zamu ya kwanza hataweza kutoa amri kwa kikosi chochote, kwa sababu hakuna anayemfahamu. Zamu ya pili, tutaona.

Kitako cha duara nitambandika mwenyewe. Milimita 32, gundi ninayo.