Kabla ya Kulinganisha Mshahara wa Serikalini na wa Kampuni

Msimu wa bajeti unapokaribia, meza za malalamiko za ofisi yetu ya kazi hupokea barua za aina mbili. Mtumishi wa umma analalamika kwamba mwenzake waliyehitimu pamoja analipwa maradufu kwenye kampuni. Mfanyakazi wa kampuni naye analalamika kwamba serikalini watu hulipwa vizuri, tena bila hofu ya kufukuzwa. Huenda wote wawili wanasema kweli kuhusu yule wanayemtazama. Kosa ni kuchukua mtu mmoja kuwa kipimo cha sekta nzima.

Wastani wa mishahara ya umma katika nchi nyingi uko juu kwa sababu ya walioajiriwa humo: walimu, wauguzi, madaktari, wahandisi, watu wenye vyeti na utumishi wa muda mrefu. Usafi na ulinzi wa majengo ya serikali mara nyingi hufanywa na wakandarasi, hivyo ujira mdogo wa wafanyakazi hao huhesabiwa upande wa sekta binafsi. Wastani peke yake haujibu swali lenu la nani analipwa zaidi.

Ukiwalinganisha watu wa elimu, uzoefu na kazi zinazofanana, picha hubadilika. Nchini Marekani, Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilifanya hivyo katika ripoti yake ya mwaka 2017. Watumishi wa serikali ya shirikisho wenye elimu isiyozidi sekondari walipata mshahara mkubwa kwa asilimia 34 kuliko wenzao wa sekta binafsi. Kwa wenye shahada ya kwanza, tofauti ilikuwa asilimia 5. Wenye uzamivu au shahada za juu za kitaaluma walipata pungufu kwa asilimia 24. Ngazi za mishahara ya umma hubanwa pande zote mbili: chini huinuliwa na vyama vya wafanyakazi, juu huzuiwa kwa sababu umma hauvumilii kiongozi wa idara alipwe kama mkurugenzi wa benki.

Halafu kuna pensheni, bima ya afya na likizo. Katika ripoti hiyohiyo, mafao yalipojumlishwa, ile asilimia 5 ilifika 21, na upungufu wa 24 ukashuka hadi 18. Kwa hiyo tafadhali, msituletee kiasi kilichoingia benki baada ya makato ya mkopo mkakiita mshahara. Linganisheni mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, kwa mshahara ghafi. Na posho ya safari ni fidia ya gharama, si mshahara. Tumelieleza hili mara nyingi.

Ofisi yetu haisemi kwamba madai ya nyongeza hayana msingi. Hayo yana mahali pake, yaani majadiliano kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Ila kulipwa pungufu kuliko sekta nyingine, peke yake, si kosa la kisheria, na afisa kazi hana mamlaka ya kumlazimisha mwajiri binafsi kufuata ngazi za serikali.

Yapo makosa ambayo tunayashughulikia. Kulipa chini ya kima cha chini kilichotangazwa ni kosa. Kwa nchi zilizoridhia Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, makato huruhusiwa tu kwa masharti ya sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na ni marufuku kumkata mfanyakazi ili apate au abaki na kazi, hata kama fedha hizo zinakwenda kwa wakala aliyemtafutia. Mkataba huo pia unadai sheria iweke adhabu na kumbukumbu za malipo zitunzwe. Mkataba Na. 100 wa mwaka 1951 unataka mwanamke na mwanamume walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na hapo hatuangalii cheo kilichoandikwa mlangoni, tunaangalia majukumu.

Mwenye lalamiko la aina hiyo aje na mkataba wa ajira, hati za mshahara za miezi inayolalamikiwa na taarifa ya benki ya miezi hiyohiyo. Mkataba ukiwa wa mdomo, njoo hivyo hivyo. Ujumbe wa simu na majina ya mashahidi husaidia. Baki na nakala. Usisubiri mpaka uache kazi, kwa kuwa madai ya mshahara yana muda wa ukomo, na tumelazimika kurudisha majalada ya watu wenye haki kabisa kwa sababu ya tarehe tu.