Jenereta Ikae Nje: Namna ya Kuikinga na Mvua, Chumvi na Wezi

Wakazi wengi wa Unguja wenye jenereta ndogo za petroli walizinunua kwa kulazimika. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi, baada ya hitilafu kutokea Fumba, pale waya wa chini ya bahari utokao Bara unapoingia nchi kavu. Na kabla ya hapo, Mei na Juni 2008, umeme ulikuwa umekatika kwa takriban mwezi mzima. Hali ya umeme imekuwa bora tangu wakati huo, lakini jenereta bado zimo majumbani na madukani, nyingi zikiwa zimefunikwa gunia kwenye kona zikisubiri siku umeme utakapokatika. Siku hiyo ikifika wakati wa masika, mwenye mashine hukabiliwa na maswali mawili kwa pamoja: mvua itaiharibu, na nikiiacha nje itaibiwa, nifanyeje?

Jibu linalowajia watu haraka ni kuiingiza ndani, na hilo ndilo jibu linaloua. Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishika na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Anayeivuta huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu au homa, na aliyelala huenda asiamke kabisa. Kufungua dirisha au kuwasha feni hakutoshi. Jenereta inayonguruma ukumbini, jikoni, chini ya ngazi, au barazani mbele ya mlango ulio wazi inaingiza sumu hiyo ndani ya nyumba, hata kama bomba lake la moshi limeelekezwa nje.

Kipimo kinachokubalika ni angalau mita 6 kutoka mlango, dirisha au tundu lolote la hewa, yaani kama hatua nane za mtu mzima, na bomba la moshi lielekezwe upande usio na nyumba, ya kwako wala ya jirani. Tunafahamu kwamba katika vichochoro vya Mji Mkongwe nafasi hiyo mara nyingi haipatikani. Aliye katika hali hiyo namshauri kwa dhati aachane na jenereta, atumie betri na paneli ya sola kwa taa na simu, kwa sababu hakuna friji ya samaki inayolingana na roho za watoto waliolala chumba cha juu.

Kwa mwenye uwanja, kinachohitajika ni kibanda chenye paa imara na pande zilizo wazi. Jenga kwanza jukwaa la zege lililoinuka kiasi cha sentimita 30, au zaidi kama uwanja wako hutuama maji, kwa kuwa mafuriko ya masika huingia kwa chini kabla paa halijavuja. Simamisha nguzo nne za chuma, ezeka bati lenye mteremko na lililotokeza vya kutosha kuzuia mvua ya upepo, kisha zungushia wavu mzito wa chuma badala ya ukuta. Wavu hupitisha hewa ya kupoza injini na kutoa moshi, na wakati huohuo humzuia mwizi. Acha nafasi ya mita moja kila upande wa mashine. Paa la makuti halifai hata kidogo, kwani bomba la moshi huwa la moto mno na cheche moja yatosha. Turubai nalo ni la kufunikia mashine iliyozimwa na kupoa. Likiwekwa juu ya mashine inayofanya kazi huziba hewa, huyeyuka, na huweza kuwaka.

Maji yakiingia kwenye soketi za jenereta, atakayezishika anaweza kupigwa na umeme. Kwa hiyo usiiwashe ikiwa imelowa, usiiguse kwa mikono yenye maji, na waya unaokwenda nyumbani uwe wa matumizi ya nje na usilazwe kwenye dimbwi.

Karibu na bahari kuna adui mwingine ambaye watu humdharau kwa kuwa hana kelele. Upepo hubeba chumvi, nayo hukaa kwenye skrubu, kwenye maungio ya nyaya na ndani ya mapezi ya kupozea injini. Ukiifungua jenereta iliyokaa ufukweni bila kutunzwa utaona shaba ya nyaya imegeuka kijani na skrubu zimegandiana na kutu. Ifute mashine iliyopoa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, ikaushe, kisha paka mafuta mepesi sehemu za chuma tupu. Usiimwagie maji ya mpira. Kila mwezi iwashe kwa dakika 15 hadi 20 ikiwa inaendesha vifaa vya umeme, ili joto likaushe unyevu uliojificha. Kabla ya kuihifadhi kwa muda mrefu, funga koki ya petroli na uiache iungurume mpaka izime yenyewe, ili kabureta isibaki na mafuta yatakayochacha.

Kuhusu wizi, zingatia kwamba sauti ya mashine humwonyesha mwizi ilipo. Wavu na kufuli ya mlango ni kizuizi cha kwanza tu. Wakati zege bado bichi, chimbia humo pete ya nondo nene iliyopinda, mashine ifungwe hapo kwa mnyororo wa chuma kigumu. Mnyororo uwe mfupi usiogusa chini, maana ukilala sakafuni mwizi hukandamiza mkono mmoja wa mkasi wa kukatia chuma kwenye zege na kuukata kwa uzito wa mwili wake. Usiufunge kwenye mpini au magurudumu, ambayo hufunguliwa kwa spana ya kawaida. Upitishe kwenye fremu kuu, chini ya injini. Taa ya sola inayowaka mtu anapokaribia husaidia, na jirani aliye macho husaidia zaidi.

Leo hii andika namba ya jenereta iliyo kwenye kibao chake na ile iliyogongwa kwenye injini yenyewe, kwa sababu kibao hubanduliwa kwa urahisi. Zipige picha, uzihifadhi pamoja na risiti mahali pengine. Anayenunua mashine iliyotumika adai risiti ya awali, na isipokuwepo, wauziane kwa maandishi mbele ya sheha. Ikiibiwa, ripoti polisi ukiwa na namba zote mbili, kisha wapelekee namba hizohizo mafundi na wauza vipuri wa eneo lenu, kwani mashine ya wizi nayo huharibika na kuhitaji fundi.