Mashine haiwaki? Funga koki kwanza

Kila nikiletewa boti ambayo mashine yake imekufa ghafla, mwenyewe huniapia kwamba haikuwa hata ikienda. "Tulikuwa tunajaribu kuiwasha tu, fundi." Hapo huwa nishajua.

Nazungumzia mashine za ndani, za dizeli, zinazopozwa kwa maji ya bahari. Wenye mashine za nyuma, haya hayawahusu sana. Maji huingia kupitia koki, yaani vali ya kufungulia na kufungia maji ya bahari yasiingie botini. Pampu ya maji ya bahari inaendeshwa na mashine yenyewe, kwa mkanda au kwa gia, kwa hiyo mashine ikizunguka, pampu nayo inavuta. Haijali kama mashine imewaka au ni stata tu inayoizungusha. Maji yakishapoza hutiwa kwenye ekzosi, yakashukia kwenye sailensa kule chini, na kinachoyasukuma yatoke nyuma ya boti ni moshi. Mashine isipowaka, moshi hakuna, na maji yanaingia tu bila kutoka. Sailensa inajaa, maji yanapanda bomba la ekzosi hadi kwenye manifoldi, yanaikuta vali iliyo wazi, yamo ndani ya silinda. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikayakuta, kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachoishika pistoni kwa chini.

Hili nililijua kwa aibu. Nikiwa mwanagenzi tuliitwa Mtwapa, boti ya uvuvi imeishiwa dizeli. Tangi tukalijaza, lakini hewa ilishaingia kwenye mabomba. Fundi wangu akaenda kuchukua spana, nami nikaona nimfurahishe: nikapiga stata. Nikapiga tena, na tena. Mara ya saba au ya nane nikasikia "tang!" na stata ikagoma. Aliporudi hakunigombeza. Alichomoa kijiti cha oili akakiinua juani: oili imepita alama, rangi yake chai ya maziwa, maana maji yamechanganyika nayo.

"Koki uliifunga, mwanangu?"

Mimi hata sikujua koki iko wapi.

Tukatoa nozeli zote nne, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, tukaizungusha mashine kwa mkono, spana kwenye puli ya mbele. Silinda ya tatu ikaruka maji hadi kwenye dari. Tulipofungua hedi, pistoni ile ikifika juu ilibaki chini ya wenzake kwa unene wa sarafu hivi. Tajiri alilipa, mimi nilisugua kutu wiki nzima.

Kwa hiyo, stata mara mbili, sekunde kumi kila mara, ikikataa, funga koki ya maji ya bahari. Ndipo utafute sababu: hewa kwenye dizeli, filta imeziba, betri haina nguvu. Sailensa ikiwa na kizibo cha kumwagia maji, mwaga. Ukirudi kwenye stata, mtu mmoja akae na mkono kwenye koki, na mashine ikidaka tu afungue papo hapo. Impela, gurudumu lililo ndani ya pampu, ni ya mpira, hulainishwa na maji hayo hayo. Ikizunguka kavu dakika chache inachanika, na vipande vyake vinaenda kuziba njia za maji mbele.

Na maji yakiwa yameshaingia? Usisikilize wanaosema iachwe ikauke. Chumvi haingoji kesho, ringi za pistoni zinaanza kushika kutu. Toa nozeli, zungusha kwa mkono maji yatoke, tia oili kidogo kila silinda. Badilisha oili na filta, iwashe siku hiyo hiyo, kisha badilisha tena mpaka ile rangi ya chai iishe. Ikiwa kwa mkono haizunguki, usiilazimishe kwa stata.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Siku za bamvua maji hupanda hadi ndani ya mikoko ya Tudor, hapa Mombasa, na kushuka na kila kilicholala humo: majani, kamba, nailoni. Marufuku ya mifuko ya plastiki hapa Kenya ni ya 2017, lakini mabaki bado nayatoa kwenye chujio la maji ya bahari, lililo baada ya koki. Wiki ya bamvua mimi hulifungua chujio kila asubuhi, na koki imefungwa, maana lile likifunguliwa koki ikiwa wazi boti inaingia maji.

Mashine ikishawaka, usikimbilie usukani. Nenda nyuma ukaangalie ekzosi. Nusu dakika ikipita haijatema maji, zima.